Gazeti, Jarida na Mzani wa Mtafiti

Neno jarida limetufikia kutoka katika Kiarabu, na huko kwao hadi leo msomaji wa Kairo au wa Maskati akilisikia hufikiri kwanza juu ya gazeti la habari, lile linaloandika bei ya mafuta na safari za mawaziri. Gazeti nalo tumelipata kwa Waingereza, ambao kwao neno hilo linaelekea zaidi upande wa matangazo ya dola. Ndiyo sababu chapisho ambalo Serikali ya Kenya hulitumia kutangazia uteuzi wa maofisa na hati za ardhi zilizopotea tunaliita Gazeti Rasmi, ingawa hakuna aliyewahi kulinunua ili ajue matokeo ya mpira. Waswahili walipoyapokea maneno haya mawili waliyabadilisha viti. Jarida likaketishwa pamoja na wanazuoni, gazeti likabaki sokoni. Hata hivyo mipaka haikuwahi kuwa imara. Mambo Leo lilikuwa likitoka mara moja kwa mwezi, lakini wasomaji wake waliliita gazeti, na mpaka leo hatujapata neno moja linalotutosheleza la kutenganisha jarida la wataalamu na jarida la mapishi na mitindo ya nywele. Tunalazimika kuongeza kivumishi: la kitaaluma, la kawaida, la burudani.

Nimeanza na maneno kwa sababu wanafunzi wetu wa uzamili huanza na jedwali. Katika somo la mbinu za utafiti hupewa safu tatu au nne: katika ya kwanza yamo majarida ya kitaaluma, ambayo makala yake husomwa na kupimwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, ya pili ina majarida ya watu wa kazi fulani, kama vile walimu au wakulima, ya tatu ina majarida ya umma, na ya mwisho, chini kabisa, yamo magazeti. Mwanafunzi huambiwa apande kutoka chini kwenda juu, na kadiri anavyopanda ndivyo marejeleo yake yanavyozidi kuheshimika. Sina ugomvi na jedwali hilo kama lilivyo. Mimi mwenyewe ninaishi Uthiru, na hatua chache kutoka kwangu, kando ya barabara ya zamani ya kwenda Naivasha, ipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Kwa mtaalamu wa maradhi ya ng'ombe jedwali hilo ni sawasawa. Chanjo iliyoripotiwa gazetini bila kupimwa na wenzake aliyeibuni si chanjo bado, ni uvumi wenye picha. Shaka yangu inahusu jambo jingine, yaani kama jedwali lililokatwa kwa kipimo cha daktari wa mifugo linaweza kuvishwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili bila ya kumbana makwapani.

Suala hili lilitoka katika nadharia likawa la maisha ya mtu miaka michache iliyopita. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia aliandika tasnifu kuhusu malumbano ya washairi, yaani ile desturi ya mshairi mmoja kutupa swali au kejeli kwa beti, na wenziwe wakamjibu kwa bahari ile ile na mara nyingi kwa vina vile vile, toleo baada ya toleo. Ushahidi wake mkubwa ulitoka magazetini, na ungetoka wapi kwingine? Katika kikao cha kuitetea tasnifu, mtahini mmoja alifungua orodha ya marejeleo, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akasema kwamba zaidi ya nusu ya vyanzo ni "karatasi za kufungia nyama", na kwamba kazi hiyo haiwezi kupita mpaka magazeti yaondolewe na mahali pake pajazwe majarida yanayotambulika. Wengine walicheka. Mwanafunzi hakucheka, kwa kuwa ada ya mwaka mwingine ilikuwa ikimkodolea macho.

Kwa hakika wachinjaji wa huku Uthiru hufungia nyama kwa magazeti, na nimewahi kukunjua kifurushi jikoni nikakuta nusu ya shairi, nusu nyingine ikiwa imelowa damu. Lakini hoja ya mtahini yule haikuwa na msingi, na ninataka kuonyesha kwa nini, kisha nionyeshe pia ni wapi alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, maana asingekuwa nayo kabisa nisingeandika haya.

Tuitazame historia yenyewe. Mambo Leo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Humo ndimo lilimokuwamo baraza la washairi wa bara na pwani kwa miongo mingi. Shaaban Robert alichapisha mashairi yake humo kabla ya vitabu vyake kuenea. Mathias Mnyampala na Saadan Kandoro nao walizoeleka kwa wasomaji kupitia kurasa za magazeti kabla ya diwani zao kutoka. Sheikh Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, hakuzua sheria hizo katika ombwe. Alikuwa akiandika mbele ya hadhira iliyokwisha kuzoea kuhukumu vina na mizani kila toleo. Baadaye ulipozuka ule mgogoro mkali wa ushairi huru na ushairi wa mapokeo, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, sehemu kubwa ya vita ilipiganwa magazetini, tena mara nyingi kwa beti. Sasa anayetaka kuandika historia ya uhakiki wa ushairi wetu bila ya magazeti atakuwa na nini mkononi? Atakuwa na yale ambayo maprofesa waliyasema juu ya mgogoro baada ya vumbi kutulia. Atakuwa na tanzia bila maiti.

Jambo ambalo jedwali halilisemi ni kwamba chapisho la vipindi linaweza kutumika kwa njia mbili tofauti kabisa. Naweza kulitumia kama mamlaka, yaani nikaliegemea kuthibitisha kwamba jambo fulani ni kweli. Au naweza kulitumia kama matini, yaani kitu chenyewe ninachokichunguza. Mtahini yule aliyachanganya haya mawili. Shairi la Mambo Leo katika tasnifu ya mwanafunzi wangu halikuwa shahidi wa kuaminiwa au kutoaminiwa. Lilikuwa ndilo mshtakiwa, na mshtakiwa hafukuzwi mahakamani kwa sababu hana shahada. Kinyume chake, lau mwanafunzi angenukuu safu ya gazeti inayodai kwamba utenzi fulani ulitungwa karne ya 18, na akaacha hapo bila ya kuuliza mwandishi amepata wapi, mimi ningekuwa wa kwanza kumwekea alama nyekundu.

Huo ndio upande wetu. Upande wa pili ni huu: kuna watetezi wa magazeti ambao huyapenda mno hata wakasahau kwamba kila gazeti lina mwenyewe. Mambo Leo lilikuwa la serikali, na mshairi aliyetaka kuchapishwa alijua mhariri ameketi katika ofisi gani. Ukimya wa gazeti hilo juu ya jambo fulani si ushahidi kwamba washairi hawakulisema. Hapa Nairobi, Baraza lilianzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, na mwaka huo peke yake, ambao ndio Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, unatosha kumzindua mtafiti aulize barua na mashairi yaliyochapishwa yaliteuliwa kwa haja ya nani. Mhariri wake, Francis Khamisi, alikuwa Mwafrika. Mwenye mtambo hakuwa. Kule Unguja magazeti ya kabla ya mwaka 1964 yalikuwa yamekwisha kujigawa kwa vyama, na beti moja ya mafumbo ndani ya Mwongozi haisomeki sawasawa na beti hiyo hiyo ingekuwa ndani ya gazeti la mahasimu wake. Kwa hiyo nikisema gazeti ni matini, sisemi kwamba ni dirisha la kioo safi. Nasema lisomwe kama tunavyosoma riwaya: nani anasimulia, kwa sauti gani, na ametuficha nini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki bara bali Mombasa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza mwaka 1930 kutoa kikaratasi kilichoitwa Sahifa, na baadaye, mwaka 1932, akatoa gazeti la Al-Islah. Insha za Sahifa ziliwahusu Waislamu wa pwani: elimu yao, uvivu wao, uigaji wao wa mambo ya Wazungu, ardhi iliyokuwa ikiwatoka mikononi. Mnamo mwaka 1944 baadhi ya insha hizo zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Wanafunzi wengi hukutana naye Sheikh katika kitabu hicho, nao huandika kwa ujasiri kwamba "katika mwaka 1944 Sheikh al-Amin anatoa hoja kuwa..." Tofauti ya miaka kumi na minne inaweza kuonekana kuwa ni hesabu ndogo. Lakini mwaka 1937 Sheikh alikuwa amekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Maneno makali ya mwaka 1930 yalitoka kwa mwanachuoni aliyetoa kikaratasi chake kwa juhudi zake. Maneno yayo hayo katika kitabu cha mwaka 1944 yanabeba kilemba cha ofisi. Msomaji wa kwanza aliyapata moja moja, wiki hii ghadhabu, wiki ijayo nasaha, akiwa na nafasi ya kubishana nayo msikitini kabla ya toleo lijalo. Msomaji wa kitabu anayapata yote kwa pamoja, yamepangwa, yamekuwa mafundisho. Matini ni ile ile, ila tanzu ni mbili. Waliolitafsiri kwa Kiingereza na kulichapisha mwaka 2017, Kai Kresse na Hassan Mwakimako, walilizingatia hili hata katika anwani ndogo ya kitabu, ambapo wanamwambia msomaji waziwazi kwamba ni teuzi kutoka gazetini. Natamani wahariri wa diwani zetu wangefanya hivyo pia. Ni diwani ngapi tunazozisomesha ambazo mashairi yake yalizaliwa gazetini, kama jibu kwa mtu fulani, na sasa yamesimama kitabuni peke yao, yakijibu swali lisilokuwapo?

Na tukipanda hadi safu ya juu ya jedwali, huko kwenye majarida ya kitaaluma, hali si shwari kama inavyodhaniwa. Chukua jarida letu kongwe. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na taarifa yake. Taarifa hiyo ikakua ikawa jarida, ikaitwa Swahili, na tangu mwaka 1970 ikaitwa Kiswahili. Kamati yenyewe ilihama kama familia ya karani: Dar es Salaam, kisha hapa Nairobi kuanzia mwaka 1942 hadi 1952, halafu Makerere, Mombasa, na mwisho ikarudi Dar es Salaam kuwa taasisi ya chuo kikuu. Katika maktaba nyingi majina haya yamewekwa katika rafu tofauti, na mwanafunzi huja kuniambia kwamba jarida "lilikufa". Halikufa, lilibadili jina tu, kama bi harusi wa Kizungu.

Ndani ya jarida hilo hilo yamo mambo ambayo hayakupimwa na mtaalamu yeyote kwa maana ya leo, wala hayakuhitaji kupimwa. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitoka kama nyongeza ya jarida hilo mwaka 1957. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yalitoka vivyo hivyo kati ya mwaka 1958 na 1959, pamoja na tafsiri ya Whiteley. Na kabla ya hapo Heinrich Brode alikuwa ameyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha huko, Tippu Tip mwenyewe akiwa hai bado. Mwanafunzi akiandika kwamba "jarida la kitaaluma linathibitisha" habari fulani ya biashara ya pembe, huku anayezungumza ni Tippu Tip akijitetea, amekosea zaidi kuliko yule aliyenukuu gazeti akijua kuwa ni gazeti. Jalada la kitaaluma haliwezi kuyageuza maneno ya mfanyabiashara yawe utafiti. Aidha, katika kila toleo la jarida zimo tahariri, mapitio ya vitabu, taazia, pengine na shairi, na kila kimoja kina uzito wake. Mapitio ya kitabu ya kurasa mbili si makala. Ni maoni ya msomaji mmoja, na mara nyingine ya rafiki mmoja.

Mulika nalo, lililoanzishwa na taasisi hiyo hiyo ya Dar es Salaam mwaka 1971, huwasumbua wapenda jedwali kwa sababu halikai safuni. Lugha yake ni ya kumfikia mwalimu wa sekondari, ilhali ndani yake wameandika watu ambao leo tunawanukuu kama nguzo. Swahili Forum lilipoanza mwaka 1994 lilitoka likiwa ndani ya mfululizo wa machapisho wa Cologne uliojulikana kwa ufupi kama AAP, kiasi kwamba toleo la kwanza la Swahili Forum ndilo toleo la 37 la AAP. Nimeona orodha za marejeleo ambamo makala moja yametajwa mara mbili kama kwamba ni makala mawili ya majarida mawili, na mwandishi akapata sifa ya kusoma sana.

Hata mwandishi mmoja huweza kukaa safu zote. Marehemu Ken Walibora, aliyetutoka mwezi Aprili mwaka 2020, aliandika riwaya, aliandika makala ya kitaaluma, na pia aliandika safu katika Taifa Leo, gazeti ambalo limekuwa likitoka tangu mwaka 1960. Anayetaka kumnukuu lazima aseme ni Walibora yupi: mwanariwaya, mhadhiri, au yule aliyeketi na msomaji wa kawaida na kumwambia kwa upole kwamba neno fulani tunalitumia visivyo. Sauti ya tatu si duni kuliko ya pili. Ina kazi nyingine.

Zamani mikono ilitusaidia kutambua. Gazeti lilikuwa pana, lilichafua vidole kwa wino, lilinuka mafuta ya taa. Jarida lilikuwa na uti wa mgongo na kurasa zilizoendelea kuhesabiwa kutoka toleo hadi toleo mpaka mwaka uishe. Leo mwanafunzi hupata kila kitu kwenye simu, ndani ya matatu, kati ya Kangemi na mjini, na vyote vina upana ule ule wa kiganja. Makala yaliyokatwa kutoka tovuti ya gazeti, mhadhara wa mtu fulani, mwongozo wa kitabu cha kutahiniwa uliotungwa na mwalimu asiyejitaja, na makala ya jarida, vyote ni faili tu. Humo ndimo pia yamejipenyeza majarida ya kilaghai, ambayo yana jina refu lenye neno "kimataifa", yana bodi ya wahariri, yana nambari ya usajili, na hukubali makala kwa siku tatu endapo ada imelipwa. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado nchini Marekani, aliwahi kuweka orodha ya majarida ya namna hiyo mpaka mwezi Januari mwaka 2017 alipoiondoa, na tangu hapo kila mtu amebaki na macho yake. Mimi hupokea mialiko yao karibu kila wiki, na mmoja ulinisifu kwa mchango wangu katika uhandisi wa maji. Kejeli iliyopo ni kwamba katika jedwali majarida hayo huketi safu ya kwanza. Yule mtahini aliyeyafukuza magazeti aliyaacha mawili ya aina hiyo katika orodha bila ya kuyagusa.

Niliombwa kuandika jibu kwa bodi ya idara, nikaliandika kwa ukurasa mmoja na nusu. Sikudai magazeti yaheshimiwe kama majarida. Nilipendekeza marejeleo yagawanywe: kwanza matini zilizochunguzwa, kila moja ikiwa na jina la gazeti, mwenye gazeti, mji, tarehe kamili na ukurasa, kisha uhakiki na nadharia, ambamo kila jarida lingeandamana na maelezo mafupi iwapo ni makala, mapitio, tahariri au nyongeza. Mwanafunzi alifanya kazi hiyo kwa miezi mitano. Alikwenda Nyaraka za Taifa katika Barabara ya Moi, akaenda Maktaba ya McMillan katika Barabara ya Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miongo yake ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu peke yao, kiasi kwamba msomaji wa Baraza wa mwaka 1945 asingeruhusiwa kuuvuka mlango wake. Kazi ya kutaja ukurasa na tarehe ilimfichulia jambo ambalo sote hatukuwa tumeliona: majibizano mawili aliyoyadhania kuwa ni ya wakati mmoja yalipishana kwa zaidi ya mwaka, na aliyedhaniwa kujibu ndiye aliyeuliza. Sura nzima ya tatu ikabidi iandikwe upya, na ikawa bora.

Tasnifu ilipita, magazeti yote yakiwamo. Yale majarida mawili tuliyaondoa sisi wenyewe.

Sasa anafuatilia mnyororo mmoja wa malumbano ambao umekatika. Katika juzuu iliyojalidiwa ya maktaba moja, ukurasa wa mashairi wa toleo analolihitaji umekatwa kwa wembe, kwa mstari ulionyooka sana, na mtu aliyetaka kuwa nao nyumbani. Kurasa za siasa na za matangazo ya sabuni zimeachwa zote. Tumeandika barua Dar es Salaam na Unguja kuulizia nakala nyingine.